Shajara ya Mradi wa Namba Moja: 4,294,967,297

Mbalamwezi ya kwanza, Ijumaa usiku

Mimi ni mtunza daftari wa mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, na kazi yangu huufuata mwezi. Kukiwa na giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake, na asubuhi magunia huhesabiwa hadi macho yaume. Mwezi ukijaa dagaa hawaifuati taa, wavuvi hubaki nchi kavu, nami hupata siku kadhaa za kupumua. Nimeamua siku hizo nizitumie kwa mradi ninaouandikia shajara hii. Nataka kuichukua namba nzima moja tu na kuijua kama ninavyolijua daftari la tajiri wangu, ukurasa kwa ukurasa. Mshirika wangu ni mpwa wangu wa kike, anayeishi nasi na kusoma kidato cha tano katika mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati.

Namba yenyewe ilitoka kwenye bao. Kuna mzee hapa mwaloni ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Babu, na mchana kutwa hukaa na ubao wake kivulini. Mpwa wangu alimwamkia, kisha akamuuliza: tukiweka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na kuendelea kuongeza mara mbili hadi mashimo yote 32 yajae, tutahitaji kete ngapi? Babu hakutaja namba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, kila shimo lina kete moja zaidi ya mashimo yote yaliyolitangulia kwa pamoja. Basi lihesabu shimo la 33, ambalo halipo, kisha punguza moja." Nimetunza madaftari miaka mingi, lakini sijapata kusikia kanuni hiyo ikielezwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Shimo la 33 lingekuwa na kete 2³², yaani 4,294,967,296, na ubao mzima una pungufu ya moja. Mpwa wangu akasema kwamba inayosifika ni ile yenye moja ya ziada, 4,294,967,297, kwa kuwa iliwahi kumkosesha mtu mkubwa. Tukaichagua hiyo.

Tumekubaliana masharti mawili. Kila jambo litakaloandikwa humu kuwa kweli liwe limepigiwa hesabu na sisi wote wawili, kila mmoja peke yake na kwenye karatasi yake. Kompyuta iruhusiwe kuhakiki tu, isiruhusiwe kututangulia.

Mbalamwezi ya kwanza, Jumamosi

Leo tumeitazama kwa nje. Ina tarakimu kumi, na husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Mtu akihesabu dagaa mmoja kila sekunde, bila kulala wala kula, atahitaji miaka 136 hivi kuwamaliza dagaa wa idadi hiyo.

Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Tulipoigawa kwa 7 ilibaki 5, kwa 9 ikabaki 5, kwa 11 ikabaki 5 tena, na mpwa wangu akadhani kuna siri. Siri ni ndogo. Mabaki ya vipeo vya 2 hujirudia kila baada ya hatua 3 unapogawa kwa 7, kila baada ya 6 kwa 9, na kila baada ya 10 kwa 11. Na 32 ukiigawa kwa 3, kwa 6 au kwa 10 hubaki 2 kila mara. Hivyo katika hesabu zote tatu 2³² hujifanya 4, na ukiongeza moja unapata 5. Tulipofika kwenye 13 ilibaki 10, mchezo ukaishia hapo.

Historia nayo iandikwe, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alizitazama namba za aina moja: chukua 2, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kisha ongeza moja. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni namba tasa. Inayofuata ni yetu. Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo huo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia barua Leonhard Euler, aliyekuwa kijana huko St. Petersburg, akimuuliza juu ya dai hilo. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa namba yetu bila baki.

Kwa hiyo jibu tunalijua kabla ya kuanza, wala sioni aibu kulisema. Mradi huu hautafuti jibu. Unatafuta njia ngapi zinafika kwenye jibu hilo, na ipi kati yake inaweza kumridhisha mtu asiyetaka kuamini neno la mwingine.

Mbalamwezi ya kwanza, Jumapili

Siku mbaya. Niligawa kwa 641 kwa mkono, kwa utulivu, nikapata 6,699,995, na mwisho ikabaki 502. Nikarudia, baki ikawa 502 ileile. Mpwa wangu, aliyekuwa mezani upande wa pili, alikwisha kupata 6,700,417 bila baki, akaninyamazia kwa heshima, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angecheka.

Kosa nililipata kwa dawa ya kazini. Urari wa hesabu ukikataa kulingana, jambo la kwanza mtunza daftari hutazama kama tofauti inagawanyika kwa 9, kwa sababu tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi huacha tofauti ya aina hiyo siku zote. Nilirudi nyuma: 641 mara 6,700,417, ambalo ni jibu la mpwa wangu, ni 4,294,967,297, lakini namba niliyokuwa nimeigawa ilikuwa pungufu ya hiyo kwa 270,000. Inagawanyika kwa 9. Nikaitazama karatasi yangu tena, nikaona nimenakili 4,294,697,297. Sita na tisa zilikuwa zimepeana viti.

Naiandika hesabu sahihi hapa ili nisiisahau. Katika 4294, 641 inaingia mara 6 na kubaki 448. Shusha 9 upate 4489, inaingia mara 7 na kubaki 2. Shusha 6, kisha 7, haiingii mara zote mbili, ndipo zinapotoka sifuri mbili za katikati. Shusha 2 upate 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9 upate 1089, mara 1, na baki ni 448 ileile ya mwanzo. Shusha 7 upate 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili.

Tangu leo namwelewa Fermat zaidi. Namba tasa zilizo ndogo kuliko 641 ni 115. Kwa hiyo hata mtu asiye na mbinu yoyote, akigawa kwa kila namba tasa kwa zamu, angefika kwenye 641 katika jaribio la 116. Hiyo si kazi ya maisha, ni kazi ya jioni kadhaa kwa mtu mwenye wino wa kutosha. Ama hakujaribu, ama alijaribu na tarakimu zikambadilikia kama zilivyonibadilikia mimi. Hilo ni wazo langu tu, lakini mtunza daftari hulifikia upesi.

Mbalamwezi ya pili, Alhamisi

Mwezi uliopita giza lilikuwa na mavuno makubwa na sikugusa karatasi za mradi kwa wiki mbili nzima. Mpwa wangu aliendelea bila mimi. Leo alinikalisha akanionyesha kwa nini haikuwa lazima kujaribu namba 116.

Alianza hivi. Chukua namba tasa yoyote inayoigawa namba yetu, uiite p. Tukihesabu kwa mabaki ya p, namba yetu ni sifuri, kwa hiyo 2³² ni pungufu ya sifuri kwa moja. Kwa lugha yangu ya kazini, 2³² ni deni la 1. Deni likizidishwa kwa deni huwa mali, kwa hiyo 2⁶⁴ ni 1. Basi ukianza na 1 na kuongeza mara mbili tena na tena, ukitupa kila p inayojaa, utarudi ulipoanza baada ya hatua 64. Huwezi kurudi mapema zaidi, kwa sababu mzunguko mfupi ungelazimika kuwa kigawo cha 64, na kila kigawo cha 64 kilicho kidogo kuliko 64 yenyewe huigawa 32 pia. Hatua ya 32 ingekukuta kwenye 1, ilhali tunajua hapo ulikuwa kwenye deni.

Sasa kanuni inayosema kwamba ukiizidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mara p kutoa moja hubaki 1, kwa kila p iliyo namba tasa witiri, inadai kwamba mzunguko wowote wa namna hii uigawe p kutoa moja. Kwa hiyo p kutoa moja lazima igawanyike kwa 64, na watuhumiwa wote ni wa umbo la 64 mara kitu, jumlisha moja. Tuliwaandika: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa wasio tasa, wanabaki watano: 193, 257, 449, 577 na 641. Wa tano ndiye mwenyewe.

Edouard Lucas aliibana zaidi mwaka 1878, akaonyesha kwamba 64 inaweza kubadilishwa kuwa 128. Kwa kipimo hicho tasa wa mwanzo ni wawili tu, 257 na 641. Na 257 haihitaji kujaribiwa, kwa sababu tayari ni mmoja wa ukoo: 2⁸ kwa mabaki ya 257 ni deni la 1, kwa hiyo 2³² ni 1 na namba yetu inaacha baki 2. Yaani kwa mwenye kujua, mtuhumiwa wa kwanza kabisa anayestahili kuitwa mbele ya baraza ni 641.

Kinachonishangaza ni kwamba kanuni ile ya p kutoa moja ni ya Fermat mwenyewe, na aliiandika katika barua ya mwaka uleule wa 1640. Ufunguo wa mlango alioshindwa kuufungua ulikuwa mfukoni mwake.

Babu alipoelezwa habari ya hatua 64 alicheka, maana bao lake lina kete 64. Nilimwambia kwamba ni sadfa. Alijibu kwamba kete ni kete, akaendelea na mchezo wake.

Mbalamwezi ya pili, Ijumaa

Umeme ulikatika saa moja usiku, tukafanya kazi kwa taa ya chemli. Leo tumepata uthibitisho ambao hauna kugawa hata mara moja, na nausifu kuliko yote, kwa kuwa mtu anaweza kuubeba kichwani akivuka kwa feri ya Kamanga.

Unahitaji kuona mambo mawili juu ya 641. La kwanza ni kwamba 640 ni 5 mara 128, kwa hiyo 5 × 2⁷ ni pungufu ya 641 kwa moja. Ni deni la 1. La pili ni kwamba 641 ni 625 jumlisha 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni deni la 2⁴. Lichukue deni la kwanza ulizidishe lenyewe kwa lenyewe mara nne: madeni manne yanafutana na kuwa 1, na upande wa pili unapata 5⁴ × 2²⁸. Badala ya 5⁴ weka thamani yake, deni la 2⁴. Sasa una deni la 2⁴ × 2²⁸, yaani deni la 2³², na hilo ni sawa na 1. Ikiwa deni la 2³² ni 1, basi 2³² na 1 zikijumlishwa zinafuta daftari. Namba yetu imegawanyika.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, huyu aliyeona kwamba 641 ina sura hizo mbili kwa wakati mmoja, aliona kabla ya kujua jibu au baada?" Nadhani ni baada. Uthibitisho huu unasadikisha vizuri sana, lakini haumsaidii mtafutaji, kwa kuwa lazima uijue 641 kwanza ndipo uitazame kwa makini kiasi hicho.

Mbalamwezi ya pili, Jumamosi na Jumapili

Swali la jana lilituacha na deni jingine: je, 6,700,417 nayo ni tasa? Isipokuwa tasa kazi yetu haijaisha. Kigawo chake chochote kilicho tasa ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo lazima kiwe cha umbo la 128 mara kitu, jumlisha moja. Na kilicho kidogo zaidi hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 2,588 na ushei. Namba za umbo hilo ni ishirini tu, na zilizo tasa ni tano. Tukigawa kwa 257 inabaki 170, kwa 641 inabaki 44, kwa 769 inabaki 120, kwa 1,153 inabaki 334, kwa 1,409 inabaki 622. Hakuna kilichoingia. 6,700,417 ni tasa, na imethibitishwa kwa migawanyo mitano kwenye nusu karatasi ya daftari.

Hivyo namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yake vyote ni 4,301,668,356. Namba zilizo chini yake zisizoshirikiana nayo kigawo chochote ila 1 ni 4,288,266,240. Haya ni ya kujaza fomu tu, hayakutupa raha.

Raha ilikuja Jumapili jioni, na ilitoka kwenye vipeo vya pili. Kwa kuwa 2³² ni kipeo cha pili cha 65,536, namba yetu ni 65,536² + 1². Hiyo ni sura inayoonekana kwa macho. Euler alijua kwamba namba witiri iliyo jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti haiwezi kuwa tasa, kwa hiyo tuliitafuta njia ya pili. Tulianza na wazazi: 641 ni 25² + 4², na 6,700,417 ni 2,556² + 409². Iko kanuni ya kale ya Brahmagupta wa India, ya mwaka 628, inayosema jinsi ya kuoanisha jumla mbili za aina hii katika zao lake, na inaruhusu kuoanisha kwa namna mbili.

Namna ya kwanza: 25 × 2,556 ni 63,900, na 4 × 409 ni 1,636, zikijumlishwa zinatoa 65,536 kamili. Upande wa pili, 25 × 409 ni 10,225, na 4 × 2,556 ni 10,224. Ukitoa inabaki 1. Tuliacha kalamu tukatazamana. Nilikuwa nimezoea kuiona ile moja kama kitu kilichobandikwa nyuma ya namba yetu, kumbe ni tofauti kati ya 10,225 na 10,224, namba mbili kubwa zilizokaribiana hadi kukaribia kugusana.

Namna ya pili ni kubadili alama. 63,900 kutoa 1,636 ni 62,264. 10,225 jumlisha 10,224 ni 20,449. Kwa hiyo namba yetu ni pia 62,264² + 20,449². Tulihakiki: 3,876,805,696 na 418,161,601, jumla 4,294,967,297. Na kama zawadi, 20,449 yenyewe ni kipeo cha pili cha 143.

Mtu anaweza kunishitaki kwamba nimezunguka, kwa kuwa nilitumia 641 kupata sura ya pili. Ni kweli. Lakini njia hurudi pia: aliyebahatika kuziona sura hizo mbili bila kujua kigawo chochote anaweza kukitoa. 65,536 na 62,264 zinatofautiana kwa 3,272. 20,449 na 1 zinatofautiana kwa 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha tofauti hizo ni 8. Jumla zake ni 127,800 na 20,450, na kigawo chake kikubwa cha shirika ni 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25, na 4² + 25² ni 641. Hesabu imelingana pande zote mbili, na usiku huo nilimwambia mke wangu habari yake ingawa hakuniuliza.

Mbalamwezi ya tatu, Jumatano

Mwezi huu ni zamu ya kompyuta, kwa kuwa jaribio lililobaki ni la kukamua. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo cha namba za ukoo huu: anza na 3, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, tupa kila namba yetu inayojaa, kisha baki lizidishwe lenyewe kwa lenyewe tena, mara 31 kwa jumla. Namba ikiwa tasa, mwisho lazima uwe pungufu ya namba yenyewe kwa moja, yaani 4,294,967,296. Ukiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Kwanza nataka nieleze kwa nini kipimo hiki kinaanza na 3, si 2. Ukiiuliza 2, namba yetu inafaulu mtihani kama vile ni tasa kweli: 2³² ni deni la 1, 2⁶⁴ ni 1, na kwa kuwa namba yetu kutoa moja inagawanyika kwa 64, kuizidisha 2 mara zote hizo huishia kwenye 1, kama kanuni ya Fermat inavyotaka kwa tasa. Lakini namba hii imejengwa kwa 2 tupu. Kuiuliza 2 kama namba hii ni safi ni sawa na kumuuliza mama mzazi juu ya tabia ya mwanawe. 3 ni jirani asiye na undugu.

Mpwa wangu aliandika programu katika kompyuta ya zamani ya kuazima, na matokeo yote 31 yakawa sifuri. Tulitafuta kosa hadi saa sita usiku. Kumbe programu ilikuwa imepewa sanduku la biti 32 la kutunzia namba, na sanduku hilo huishia 4,294,967,295, sawasawa na bao la Babu lililojaa. Kete inayofuata humwaga ubao wote na kuanza sifuri, na ya pili yake husomeka 1. Namba yetu ilikuwa imegeuka 1, na kila kitu kikigawiwa kwa 1 hakibaki kitu. Mpwa wangu alitaka kufuta ushahidi. Nimemkatalia, kwa kuwa kosa hili nalo ni tabia ya namba yetu: ni ya pili kati ya namba ambazo sanduku hilo haliwezi kuzibeba. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani nazo zina biti 32, na idadi yake haizidi 4,294,967,296, kwa hiyo moja tu ndiyo ingekosa mahali kama zingehitajika kwa idadi ya namba yetu.

Mbalamwezi ya tatu, Alhamisi

Sanduku limepanuliwa. Baada ya hatua 31 limebaki 10,324,303. Lilitakiwa kuwa 4,294,967,296. Si tasa.

Sharti letu linakataza kuiamini kompyuta peke yake, nasi hatuna nguvu ya kufanya hatua 31 za tarakimu kumi kwa mkono. Tulipata njia ya pembeni: tufuate hatua zilezile kwa mabaki ya 641 peke yake, ambazo ni namba ndogo. Kuanzia 3 tunapata 9, 81, 151, 366, 628, 169, 357, kisha 531, 562, 472, na 357 tena. Kuanzia hatua ya 7 ni mzunguko wa nne nne, kwa hiyo hatua ya 31 inaangukia 357 kama ya 7. Tukaigawa 10,324,303 kwa 641: inaingia mara 16,106, na baki ni 357. Kompyuta imepasi.

Hata hivyo jaribio hili limeniacha na baridi fulani. Linasema kwamba namba imevunjika bila kusema imevunjika wapi, kama mizani inayokuonyesha kwamba gunia limepungua lakini haikwambii nani alichota. Kwa namba yetu hilo halidhuru. Kwa wakubwa wa ukoo ndiyo hali yenyewe: ile ambayo kipeo chake ni 2²⁰ ilithibitishwa si tasa mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakuna mtu aliyekwisha kuonyesha kigawo chake hata kimoja.

Mbalamwezi ya tatu, Jumamosi

Tulirudi kwa Babu na ubao. Nilitaka kumwonyesha kwamba kete zake 4,294,967,295 zinagawanyika kwa uzuri ambao namba yetu, iliyo mbele yake kwa hatua mbili tu, haina: ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, tasa zote tano za Fermat kwa pamoja, kila moja mara moja. Hii ndiyo sababu namba yetu haiwezi kushirikiana kigawo na yeyote kati ya hizo. Kigawo cha shirika kingelazimika kuigawa tofauti yake, ambayo ni 2, nazo zote ni witiri.

Kuna zaidi. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka 18, alionyesha kwamba umbo lenye pembe 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, na baadaye ikajulikana kwamba maumbo yenye idadi witiri ya pembe yanayochorwa hivyo hutokana na kuzidisha tasa za Fermat zilizo tofauti. Tasa tano zinazojulikana zinatoa maumbo 31, na lenye pembe nyingi kuliko yote lina pembe 4,294,967,295. Umbo lenye pembe 641 halichoreki kwa rula na bikari, ingawa 641 ni tasa.

Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: bao likiwa na mashimo 64 je? Tukamwambia kwamba shimo la 65, ambalo halipo, likiongezwa moja hutoa namba inayofuata katika ukoo, 18,446,744,073,709,551,617, na kwamba nayo si tasa. Fortuné Landry alitangaza vigawo vyake mwaka 1880, akiwa na miaka zaidi ya 80: 274,177 na 67,280,421,310,721.

"Basi nyinyi mmefika katikati ya ubao," akasema.

Mbalamwezi ya tatu, Jumapili

Daftari jipya limefunguliwa. Watuhumiwa safari hii ni wa umbo la 256 mara kitu, jumlisha moja, na 274,177 ni 256 mara 1,071 jumlisha moja, kwa hiyo foleni ni ndefu. 257 imeondolewa kwa kuwa ni ndugu. 513 si tasa. Wa kwanza kuitwa ni 769: 2¹⁶ inabaki 171, 2³² inabaki 19, 2⁶⁴ inabaki 361. Ukiongeza moja ni 362. Ametoka.

Mwezi umeanza kupungua na mitumbwi inaanza kusukumwa majini kesho kutwa.